Shela Kumi za Warina Asali

Kila siku akitoka shule, Minza aliteka ndoo mbili za maji, akawatoa kuku jikoni, kisha akaketi kwenye kigoda kumsomea bibi yake ujumbe wa simu. Bibi Paskazia alijua kusoma vizuri sana. Kilichomshinda ni udogo wa herufi.

"Hawa wanaoandika kwenye simu," alilalamika kila mara, "wino wanaununua wapi, mbona wanaubania hivi?"

Minza alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alisoma darasa la sita hapo hapo kijijini Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora. Katika somo la Kiingereza alikuwa wa kwanza darasani, jambo ambalo hakuwaficha watu. Bibi yake alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha warina asali chenye wanachama kumi, ambao mizinga yao ilitundikwa katika msitu wa miombo, upande wa kwenda Sikonge.

Msimu uliopita kikundi kilipata mkosi. Mzee Shilinde, mrina asali mkongwe kuliko wote, alipanda mtini akiwa amejifunga kanga ya mkewe usoni. Nyuki mmoja akaiona njia, akapenya, akamchoma kwenye kope. Mzee alishuka haraka kuliko alivyokusudia, na akachechemea mpaka Krismasi.

Ndipo wanachama wakachanga fedha wanunue kofia za wavu, zile pana zinazofunika uso na shingo. Waliziona kwenye mtandao, katika duka moja la ng'ambo, kwa nusu ya bei ya Dar es Salaam. Minza alisoma maelezo ya Kiingereza na kuchagua picha. Bwana Damas, mweka hazina, aliandika namba za kadi ya benki huku ameifunika simu kwa kofia yake, hata kuku wasione. Agizo likaenda, watu wakangoja.

Jioni moja ya mwezi wa Mei, Minza alisoma ujumbe na kuruka kutoka kwenye kigoda. "Bibi! Mzigo umefika posta!"

Kesho yake Bwana Damas aliendesha baiskeli hadi mjini, akarudi na kasha kubwa amelifunga nyuma kwa mpira. Wanachama wote walikuwa wamekusanyika uwanjani kwa Bibi Paskazia. Bwana Damas alilitua kasha, akakunja uso.

"Mbona ni jepesi hivi?"

"Kofia nzuri ni nyepesi," alisema Mzee Shilinde kwa uhakika. "Kofia nzito ni sufuria."

Bibi Paskazia akakata utepe wa gundi kwa kisu, akaingiza mkono. Kitambaa cheupe, chepesi kama ukungu, kikamwagika magotini pake. Pembeni kilikuwa na shanga zinazometa, na juu kichana kidogo cha kuchomeka kwenye nywele. Akatoa cha pili, kikawa hivyo hivyo. Akatoa cha tatu. Alipofika cha kumi, akalipindua kasha, likawa tupu.

"Hizi ni shela," alisema. "Shela za bibi harusi."

Mzee Shilinde alichukua moja, akachomeka kichana kwenye mvi zake, akaushusha ule weupe mpaka kifuani.

"Tusihukumu kabla ya kujaribu," alisema. "Wavu ni wavu." Akapiga hatua mbili tatu uwanjani, akigeuza kichwa huku na huku. "Naona vizuri. Nawaona nyote."

"Na nyuki je?" aliuliza Bwana Damas.

Kama aliyeitwa, nzi mmoja akapita chini ya shela, akaanza kumzunguka mzee puani. Mzee Shilinde akajipiga kofi la shavu, akajipiga la paji, akavua shela kwa hasira. "Nyuki watapita hapa chini kama mlangoni kwao," alisema. "Tena watanikuta nimependeza."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Bibi Paskazia peke yake hakucheka. Alikuwa akimtazama mjukuu wake.

"Minza, uliagiza nini?"

Minza alihisi masikio yanawaka. Alifungua simu, akatafuta agizo, akamwonyesha kila mmoja. Picha ilikuwa wazi: kofia pana yenye wavu mweusi, na nyuki mdogo amechorwa pembeni.

"Niliagiza sawasawa, bibi. Ila kwa Kiingereza, wavu wa mrina asali na shela ya bibi harusi vinaitwa kwa neno lile lile. Nadhani aliyefungasha alisoma neno, hakutazama picha."

Mzee Shilinde alitikisa kichwa. "Babu zetu walipita njia hii hii na nta vichwani, kwa miguu, mpaka pwani. Miezi mitatu! Na nta iliyofungwa Tabora ndiyo iliyofunguliwa Bagamoyo. Haikugeuka shela njiani."

"Kosa ni lao, basi watarudisha fedha yetu," alisema Bibi Paskazia. "Minza atawaandikia. Mpaka watakapojibu, shela hizi si zetu. Asiziguse mtu."

Kasha likawekwa chini ya kitanda cha Minza. Siku hiyo hiyo akawaandikia wenye duka kwa Kiingereza chake safi, akieleza kwamba warina asali hawafungi ndoa na nyuki.

*

Ijumaa jioni Bibi Paskazia akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, alikuja Advera, binamu yake Minza, macho yamemvimba kwa kulia. Kesho yake alikuwa anafunga ndoa na Fikiri, mwendesha bodaboda.

"Shela niliyokodi mjini wamempa mtu mwingine!" alisema. "Kesho saa nne naingia kanisani kichwa kitupu, kama nakwenda kisimani!"

Minza alimwonea huruma. Tena alifikiria zile shela kumi zilizolala gizani chini ya kitanda bila kazi yoyote. Akapiga magoti, akavuta kasha.

Advera akaziba mdomo kwa mikono miwili. "Ni zenu?"

"Ni za... ndiyo," alisema Minza. "Chukua moja. Ila irudi kesho jioni."

Kanisani Moravian, Advera aling'aa kama mwezi. Wanawake walipiga vigelegele. Bibi Paskazia, aliyekuwa ameketi karibu na Minza, aliinama na kumnong'oneza.

"Shela ya Advera inafanana sana na zetu."

"Shela zote nyeupe zinafanana, bibi," alijibu Minza, akaanza kuimba kwa sauti kubwa, ingawa wimbo ulikuwa bado haujaanza.

Baada ya sherehe Fikiri alimpakia mkewe kwenye pikipiki iliyopambwa maua, wakazunguka kijiji huku honi inalia. Mzunguko wa kwanza ulikuwa mzuri. Mzunguko wa pili shela ilipepea nyuma kama bendera. Mzunguko wa tatu upepo ukageuka, shela ikashuka, mnyororo ukaidaka. Fikiri alisimama kwa wakati na Advera hakuumia hata kidogo. Lakini nusu ya shela ilibaki mnyororoni, na nusu nyingine ilikuwa nyeusi kwa grisi.

Jioni Advera aliirudisha imefungwa kwenye gazeti. "Nisamehe, mdogo wangu. Nitakuja kwa bibi kuomba radhi mwenyewe."

"Usije!" alisema Minza haraka. "Nitamwambia mimi."

Hakumwambia. Alilisukuma gazeti nyuma kabisa ya kasha, akajiambia kwamba huenda duka lisijibu kamwe.

Duka lilijibu Jumatatu. Na kwa kutaka kumrahisishia mteja, lilikuwa limeupitisha ujumbe wake kwenye mashine ya kutafsiri lugha. Minza aliusoma mbele ya Bibi, Bwana Damas na Mzee Shilinde:

"Mpendwa Mteja wa Thamani. Sisi ni pole. Kosa ni la ghala letu. Tafadhali pigeni risasi bidhaa zote kumi, zikiwa safi na kamili. Tukishaona, tutakupa pesa mgongo. Kuwa na siku yenye jua."

Watatu hao walitazamana.

"Jua tunalo la kutosha," alisema Bibi Paskazia. "Lakini shela tuzipige risasi, kwani zimekosa nini?"

"Na bunduki tuitoe wapi?" aliuliza Bwana Damas. "Itabidi twende kwa ofisa wa wanyamapori."

Mzee Shilinde alikuwa na lake. "Mimi nauliza hiyo pesa ya mgongo. Pesa ya mkononi naijua. Pesa ya mfukoni naijua, ingawa haikai. Ya mgongo ndiyo ipi?"

Minza, pamoja na woga wote aliokuwa nao, alishindwa kujizuia kucheka. Akawaeleza kwamba mashine imekosea: wanataka shela zipigwe picha, maana kwa Kiingereza neno la kupiga risasi hutumika pia kwa kupiga picha, na neno la mgongo kwa Kiingereza ndilo pia linalotumika kwa kitu kinachorudi. Yaani fedha itarudi.

"Ahaa," alisema Mzee Shilinde. "Basi mgongo huo uje upesi."

"Zote kumi, safi na kamili," alirudia Bibi Paskazia taratibu. "Minza, kesho ukitoka shule uzipige picha. Kwenye agizo waliandika siku thelathini tu tangu mzigo ufike. Zikipita hizo, hatuna kofia wala fedha, na mwezi ujao tunaingia msituni."

*

Kesho yake wakati wa mapumziko Minza alimweleza yote Benjamini, aliyekuwa akikaa naye dawati moja. Benjamini alikuwa mvulana mwenye mawazo mengi, na mengine alikuwa ameshaadhibiwa kwa ajili yake.

"Duka lenyewe liko wapi?" aliuliza.

"Mbali. Ng'ambo ya bahari."

"Basi umepona. Kwa umbali huo watajuaje? Wewe si unalala kwenye chandarua cheupe?"

Baada ya shule walikata kipande kirefu cha chandarua cha Minza kwa mkasi wa bibi yake. Benjamini, ambaye mama yake alikuwa fundi cherehani, alikaa chini na sindano akakishonea pindo zuri kabisa. Kisha wakazipanga shela tisa juu ya mkeka, na kile kipande wakakiweka katikati, kimekunjwa kunjwa kwa madaha. Minza akapiga picha. Ukitazama ukiwa na haraka, zilikuwa shela kumi.

Bibi Paskazia aliitazama picha ile akiwa ameiweka simu mbali na uso. "Zimependeza," alisema. "Umezipanga vizuri, mjukuu wangu."

Minza hakuthubutu kumtazama bibi yake. Lakini alibonyeza, na picha ikaenda.

Tangu siku hiyo mbu wa Kwihara walipata mlango. Minza alilala amejikunja kama konokono, akijaribu kuibana miguu yake ndani ya sehemu ya chandarua iliyobaki. Miguu haikukubali. Kila asubuhi alienda shule akijikuna, na mwalimu alipomuuliza alisema ni upupu.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, alipokuwa anarudi nyumbani pamoja na Benjamini, aliona baiskeli mbili uwanjani. Bibi Paskazia alikuwa ameketi kwenye mkeka na Bwana Damas na Mzee Shilinde. Mbele yao kilikuwa kimetandazwa chandarua, na upande mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwingine; kando yake kilikuwa kile kipande chenye pindo.

"Shikamooni," alisema Minza kwa sauti ndogo. Benjamini naye akasalimu.

"Marahaba," walijibu, bila tabasamu hata moja.

"Bwana Damas," alisema Bibi Paskazia, "hebu wasomee na hawa."

Bwana Damas alikohoa, akasoma: "Mpendwa Mteja wa Thamani. Tumekuza picha. Tunaona shela tisa na chandarua kimoja. Chandarua kina lebo. Lebo inasema: Kinga familia yako, lala ndani ya chandarua. Asante kwa ushauri. Lakini pesa mgongo imesimama, mpaka mtueleze."

Benjamini alimtazama Minza. Lebo! Waliishonea pindo pembeni yake bila kuitilia maanani.

"Minza," alisema Bibi Paskazia, "chandarua hiki kimekuwaje?"

"Labda ni panya, bibi."

"Panya. Panya wa kukata moja kwa moja kwa mkasi, kisha akashona na pindo?"

"Pindo nilishona mimi, bibi," alisema Benjamini, ambaye hakuweza kuvumilia kazi yake apewe panya.

Hapo hapakuwa na pa kukimbilia. Minza alianza kulia, na katikati ya kulia akaeleza yote, tangu machozi ya Advera mpaka mnyororo wa pikipiki. Akaenda ndani, akaleta lile gazeti, akalifungua. Grisi ilikuwa imekauka, na shanga mbili zilidondoka mkekani.

Bwana Damas alisimama. "Fedha ya watu kumi! Watu wameuza kuku, wameuza karanga, wamechanga. Sasa duka linatuona sisi ndio matapeli, wakati waliokosea ni wao!"

Mzee Shilinde, aliyekuwa na mzaha kwa kila jambo, safari hii hakusema kitu. Alikuwa akijikanda goti lile lililochechemea mpaka Krismasi. Ukimya wake ulimchoma Minza kuliko maneno yote ya Bwana Damas.

Bibi Paskazia naye aliongea polepole. "Nina miaka sitini na nane. Katika kijiji hiki hakuna aliyewahi kuniita mwongo. Leo nimeitwa na mtu ambaye hata salamu hatujapeana."

Kisha Bwana Damas akaketi tena, akashusha sauti. "Mwenyekiti, bado kuna njia. Tuwaambie ile ya kumi iliibwa. Mtoto akaogopa, akaweka chandarua. Hapo nani atatulaumu?"

"Na wakiuliza jina la mwizi?" alisema Bibi Paskazia. "Tutampa nani? Wewe?"

"Mimi sitaki kuwa mwizi," alisema Bwana Damas haraka.

"Hakuna anayetaka. Basi tuache." Bibi Paskazia alimgeukia mjukuu wake, akampa simu. "Keti hapa. Andika yaliyotokea kama yalivyotokea. Andika kwa Kiswahili niyasikie yote. Na sentensi ziwe fupi, mashine yao isije ikatupa mgongo mwingine."

Minza alifuta machozi, akaandika akisoma kwa sauti:

"Jina langu ni Minza. Nina miaka kumi na mitatu. Shela tisa ni safi. Ya kumi nilimpa binamu yangu bila ruhusa. Aliivaa siku ya harusi yake. Ikaingia kwenye mnyororo wa pikipiki. Niliogopa kusema. Nilikata chandarua changu, nikakipiga picha. Bibi yangu hakujua. Kikundi hakikujua. Tunaomba fedha ya shela tisa. Ya kumi ni juu yangu. Naomba radhi."

"Na mimi?" aliuliza Benjamini.

Minza akaongeza: "Benjamini alishona pindo."

Wakapiga picha nyingine: shela tisa, ile moja iliyoraruka, chandarua kilichokatwa, na lebo yake imewekwa juu kabisa ili mtu asihangaike kuikuza. Ujumbe ukaenda, na ndipo Mzee Shilinde akaacha kujikanda goti.

"Nilikuwa nimekasirika," alisema, "lakini kwa kweli harusi ile ilikuwa nzuri."

*

Siku zikapita. Siku ya tatu hapakuwa na jibu, na ya tano pia. Minza alisoma simu ya bibi yake asubuhi, mchana na jioni bila kuambiwa. Siku za duka zilikuwa zinakwisha. Wanachama walianza kutafuta mablanketi ya zamani ya kujifunika msituni, na mke wa Mzee Shilinde alitangaza kwamba kanga zake zote amezifungia sandukuni.

Habari zilimfikia Advera. Alikuja na Fikiri, wakapiga magoti mbele ya Bibi Paskazia.

"Sikujua kwamba si yenu, bibi," alisema Advera. "Lakini aliyeiharibu ni mimi. Nitailipa yote."

"Hapana," alisema Bibi Paskazia. "Utalipa nusu, kwa kuivaa. Nusu nyingine atalipa Minza, kwa kunyamaza."

Siku ya tisa, watu walisikia kengele ya baiskeli ikilia mfululizo kutoka barabarani. Bwana Damas aliingia uwanjani kwa kasi, kuku wakatawanyika, na baiskeli ikasimama ilipogonga kinu.

"Umefika!" alipiga kelele. "Mgongo umefika!"

Benki ilikuwa imemletea ujumbe: fedha ya shela tisa imerudi kwenye akaunti ya kikundi. Minza alikimbilia simu ya bibi yake. Ndiyo, hata duka lilikuwa limeandika.

"Mpendwa Minza. Mimi si mashine, mimi ni mtu. Mashine inanisaidia maneno tu. Naitwa Lili. Watu wengi wanatuandikia, na wengi wanasema uongo, kwa hiyo sisi tunakuza picha. Barua yako nimewasomea wenzangu ofisini. Tumerudisha fedha ya shela tisa. Msizitume huku, nauli ni kubwa kuliko shela. Zitumieni kwa furaha. Mwambie Benjamini pindo lake lilikuwa zuri, lilitudanganya kwa dakika kumi."

Benjamini alitembea wiki nzima kifua mbele, mpaka mama yake alipomkumbusha kwamba alikuwa amesifiwa kwa kosa.

Fundi mmoja wa mjini Tabora alikubali kuwashonea kofia za wavu kwa fedha ile. Zilitoka tisa, za ukili, pana, zenye wavu mweusi uliofungwa kifuani kwa kamba. Ya kumi ilishonwa kwa nusu ya Advera, na nusu ya Minza ambayo Bwana Damas aliitoa kwanza kwenye mfuko wa kikundi. Minza angeilipa kwa kuosha ndoo za asali kila Jumamosi mpaka msimu uishe. Benjamini aliongezwa kwenye kazi hiyo kwa ajili ya pindo. Shela tisa zilipelekwa kwa mke wa mchungaji ili bibi harusi yeyote wa Kwihara aazime bure, awe wa kanisa lolote au wa msikitini. Sharti lilikuwa moja tu: asipande nayo pikipiki.

Walipoingia msituni, Mzee Shilinde alipanda mti wa kwanza mwenyewe. Nyuki walimzunguka kofia nzima wakinguruma, na yeye akawa anaongea nao kutoka ndani ya wavu kana kwamba wamekuja kumtembelea. Alishuka na ndoo imejaa, polepole, mguu baada ya mguu, bila hata alama usoni.

Jumamosi iliyofuata Minza alikuwa uwanjani amekunja mikono, anasugua nta iliyoganda kwenye ndoo. Benjamini alikuwa ameenda kuteka maji. Kando, Bibi Paskazia alikuwa akikagua chandarua, ambacho Minza alikuwa amekishona upya kwa mkono wake mwenyewe. Mishono ilikuwa imepinda kama njia ya ng'ombe, lakini mbu asingepita.

"Bibi," alisema Minza akiendelea kusugua, "siku ile nilidhani utanichapa."

"Nilidhani hivyo pia," alisema Bibi Paskazia. "Lakini nilikuwa nahesabu. Ulipoanza ulikuwa unaficha shela moja tu. Ukadhani imekwisha. Uongo ukasikia njaa, ukala chandarua chako. Chandarua hakikuushibisha, ukaanza kula jina langu na kofia za watu kumi. Bwana Damas naye, mtu mzima, alikuwa tayari kuuongezea mwizi. Na yote hayo kwa jambo ambalo siku ile ya harusi ungelimaliza kwa kusema, 'Bibi, nimekosea.'"

Aliweka chandarua chini, akamtazama mjukuu wake.

"Kosa ukilisema likiwa bado changa, unalilipa kwa bei yake. Ukilificha, unalilipa pamoja na watoto wake na wajukuu wake. Umenisikia?"

"Nimekusikia, bibi."

"Haya. Zimebaki ndoo ngapi?"

Minza aligeuka kutazama nyuma yake. Mikono ilimuuma, jua lilikuwa linazama, na wenzake walikuwa wanapiga kelele za mpira kule uwanja wa shule. Alitamani sana kusema nne.

"Kumi na moja, bibi."

Bibi Paskazia akakunja mikono ya gauni lake, akavuta kigoda, akaketi karibu naye.

"Basi nipe hiyo kubwa," alisema.